Wazazi wa watoto wenye usonji: tuambiane msaada wa kweli mliupata wapi

Mama wa Tabata (mleta uzi)

Habari zenu ndugu zangu. Nina mtoto wa kiume wa miaka tisa mwenye usonji (autism), yaani anakua na kuwasiliana tofauti na watoto wengine. Nyumbani tunamwita Babu kwa sababu amerithi jina la babu yake mzaa baba. Kila mwaka tarehe 2 Aprili watu wanavaa fulana za bluu na picha zinapigwa. Mzazi aliyeambiwa wiki hiyohiyo kwamba mwanawe ana usonji anabaki na swali lake: naanzia wapi? Nitaeleza nilikoanzia mimi, na nilikopotea njia nitapataja pia.

Babu alitembea kabla hajatimiza mwaka. Maneno yalikuja matatu: mama, maji, taa. Alipofika mwaka na miezi minane yakapotea yote. Ukimwita hageuki, lakini ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Gari la kuchezea hakuliendesha hata siku moja. Aliligeuza tumbo juu akawa anazungusha tairi kwa kidole, saa nzima, ametulia kabisa. Mama mkwe akasema hata baba yake alichelewa kuongea, tumwache. Jirani akasema mtoto kachezewa. Tukaenda kwenye maombi, tukaenda na kwa mganga upande wa Mkuranga, mtoto akachanjwa chale. Mwaka na nusu ukaisha hivyo.

Simlaumu mtu, tulimpenda mtoto na hatukujua. Ila wewe unayesoma hapa, kama mwanao ana mwaka na nusu na hakuonyeshi kitu kwa kidole, hageuki akiitwa jina, au alikuwa na maneno yakapotea, usisubiri. Ibada yako endelea nayo, lakini wiki hiyohiyo nenda na hospitali.

Kituo cha kwanza nilichokwenda, daktari alimwangalia kidogo tu akaniambia, "Huyu mnamwachia simu, hamumlei." Nililia kwenye daladala mpaka Buguruni. Safari ya pili, kwingine, muuguzi mmoja alinifuata koridoni akaniambia nianze na masikio, maana mtoto asiyesikia naye hageuki ukimwita. Masikio yakapimwa, yakawa mazima. Hapo ndipo tukapelekwa kwa daktari wa watoto, kisha kwa wa afya ya akili ya watoto. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha usonji, na picha ya kichwa haiuonyeshi. Daktari anautambua kwa kumtazama mtoto anavyocheza na anavyowasiliana, na kwa kukusikiliza wewe. Kwa hiyo nenda na daftari lenye miezi na mabadiliko uliyoyaona. Rekodi na video fupi nyumbani, mtoto akiwa kwenye mambo yake ya kila siku, maana kwenye chumba cha daktari mtoto anaweza kulia tu mwanzo mpaka mwisho na asionekane alivyo.

Baada ya hapo tukapangiwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani wa kumsaidia mtoto ajifunze kupitia michezo na shughuli za kila siku. Nilikuwa nadhani atamtibu mwanangu. Siku ya kwanza akaniambia, "Mama, mimi nitakaa naye nusu saa kwa wiki, saa zote zilizobaki ni zako, kwa hiyo ninayemfundisha ni wewe." Sijapata kusikia neno lenye faida kuliko hilo. Alinionyesha kukaa chini sakafuni, usawa wa macho yake, na kucheza anachocheza yeye kabla ya kumletea changu. Akizungusha tairi, nazungusha na mimi. Wiki ya tatu akaanza kunisubiri nizungushe.

Halafu kadi. Nilikata picha kwenye pakiti za maziwa na unga, nyingine nikachora kwa mkono: kikombe, ndoo ya kuogea, kandambili za kutokea. Nikabandika kwenye vipande vya boksi. Zamani akitaka maji ananivuta mkono na kupiga kelele, nami nabahatisha. Ilichukua karibu miezi miwili. Siku moja nikiwa napepeta mchele nikahisi kitu magotini. Alikuwa ameniwekea kadi ya kikombe juu ya ungo, akarudi nyuma hatua moja, akasimama anasubiri. Niliinuka mchele ukamwagika wote.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Babu ana tabia ya kutoka. Ukigeuza shingo tu hayupo, na wengi wa watoto hawa ndivyo walivyo. Hajui hatari ya gari, na maji yanamvuta. Sisi tuko karibu na bonde la Msimbazi, usiku wa mvua silali. Miaka mitatu iliyopita alitoweka tangu saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Tulimkuta kajikunja nyuma ya kibanda cha mkaa, watu wamemzunguka wanamfokea aseme jina lake. Mmoja alikuwa na fimbo, alidhani ni mwizi anayejifanya bubu. Mtoto wa miaka sita.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilimshika mkono tukapita mtaa mzima. Tukaanza kwa mjumbe, kisha msikitini na kanisani, kwa mama wa genge, kwa muuza chipsi, kwa fundi pancha, na mwisho kijiwe cha bodaboda. Kote nilisema maneno yaleyale: "Huyu ni mwanangu, anaitwa Babu, haongei lakini anaelewa. Mkimwona peke yake msimpigie kelele wala msimkamate mkono kwa nguvu. Mzungushieni kitu chochote cha duara, atakaa hapo, kisha nipigieni." Niliona aibu, sitaficha. Mpaka siku hiyo nilikuwa namfungia ndani wageni wakija. Namba yangu nikaidarizi ndani ya kola za mashati yake yote.

Mwaka jana mwezi wa Machi akatoka tena. Kabla sijamaliza kuzunguka nyumba simu ikaita, ni kijana wa boda: "Mama Babu, yuko kwa fundi, njoo taratibu." Nilimkuta kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, fundi pancha kageuza baiskeli juu chini, anaizungusha gurudumu, kazi ya mteja kaisimamisha. Mteja naye kasimama anangoja, hanung'uniki.

Hospitali nazishukuru. Lakini siku ile kilichomwokoa mwanangu ni kijiwe, na kilinigharimu asubuhi moja ya kuweka aibu pembeni. Wenzangu, nyie mlipata wapi? Semeni na mlipokwama.

Mwalimu wa Mbeya

Dada, nimesoma mpaka mwisho. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nilisomea Patandi kule Tengeru, Arusha. Niongeze upande wa shule, maana wazazi wengi wanafika mlangoni wakiambiwa "huyu hatumwezi" wanageuka.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma sawa na mwingine yeyote. Ukikataliwa shuleni, usiishie kwa mwalimu mkuu. Nenda halmashauri uonane na afisa anayeshughulikia elimu maalumu, ndiye anayejua shule zipi za serikali zina kitengo cha watoto kama hawa. Dar es Salaam, Msimbazi Mseto imekuwa na kitengo cha usonji kwa miaka mingi. Kwa wenye uwezo wa ada zipo za binafsi, kama Al Muntazir ina shule yake ya elimu maalumu. Vitengo ni vichache na vinajaa, kwa hiyo anza kuulizia mtoto akiwa na miaka minne, usingoje saba.

Jambo lingine. Ukimleta mtoto, mwandikie mwalimu ukurasa mmoja: anapenda nini, nini kinamtisha, akilipuka mnamtulizaje, chooni anaomba vipi. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa anaziba masikio na kujigonga kichwa ukutani kila siku saa nne. Ilinichukua wiki tatu kujua ni kengele. Kengele yetu ni rimu ya gari inayogongwa kwa nondo. Nikamkabidhi yeye nondo. Kumbe sauti akiitoa mwenyewe inavumilika, alichokuwa hakiwezi ni kushtukizwa. Aligonga kengele ile mpaka anamaliza darasa la saba, hajakosea dakika. Mama yake alikuwa anajua tangu zamani kwamba kelele za ghafla zinamtesa. Sikumuuliza.

Baba wa Kisauni

Shukran sana dada kwa uzi huu. Mimi niko Mombasa, binti yangu ana miaka saba. Nataka niseme na wanaume wenzangu hapa, kwa sababu nyuzi hizi zikifunguliwa utaona kina mama watupu.

Mwaka wa kwanza mimi nilikimbia. Si kwa miguu, nilikuwa nalala nyumbani, lakini nikitoka alfajiri narudi usiku, nikijiambia natafuta riziki. Mke wangu alikuwa anakwenda kliniki peke yake na mtoto anayelia njia nzima kwenye matatu, watu wakimwambia ampige. Siku niliyokwenda mimi ndiyo nikajua. Kondakta alitushusha kabla ya kituo chetu. Nilimbeba binti yangu kutoka hapo mpaka hospitali na nikamwomba mke wangu msamaha jioni ileile. Ndugu zangu, nendeni hata siku moja kwa mwezi.

Kwa walio Kenya, kuna vituo vya EARC vya kupima watoto na kuelekeza shule, vimekuwepo tangu 1984, ofisi ya elimu itakuelekeza kilicho karibu. Msajilishe mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, daktari wa hospitali ya serikali ajaze fomu, upate kadi. Bila kadi milango mingi ya msaada haifunguki. Halafu ipo Autism Society of Kenya, iliyoanzishwa na wazazi mwaka 2003. Kitengo cha usonji cha City Primary pale Ngara, Nairobi, nacho kilianza mwaka huohuo kwa jitihada za wazazi. Nasisitiza hilo la wazazi. Hawakungoja wizara.

Mdau wa Kigamboni

Samahani, naomba kuuliza kwa nia njema. Mke wangu anasema mtoto wetu alibadilika baada ya chanjo ya surua. Sasa kuna mdogo wake wa miezi minane na hataki achanjwe. Ukweli ni upi?

Muuguzi wa zamu

Ndugu wa Kigamboni, umefanya vizuri kuuliza kabla mdogo hajafikisha miezi tisa. Usimgombeze mkeo, alichokiona alikiona kweli. Ila angalia ratiba: surua-rubela inatolewa miezi 9 na inarudiwa miezi 18. Dalili za usonji nazo zinaanza kuonekana wazi umri huohuo, mwaka mmoja na nusu hivi, kwa aliyechanjwa na asiyechanjwa. Vitu viwili vinakutana kwenye kalenda, mzazi anaviunganisha.

Hofu hii ilisambaa kutokana na makala ya daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, iliyotoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 1998. Ilihusu watoto kumi na wawili tu. Ikagundulika haikuwa ya kweli, jarida likaifuta mwaka 2010 na yeye akafutiwa leseni. Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, matokeo yakatoka 2019: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Surua yenyewe inaua na inapofusha, nimeiona wodini. Mchanjeni mdogo. Na nenda naye wewe mwenyewe, mkeo asibebe mzigo huo peke yake.

Dada wa Moshi

Wote mnaongelea watoto. Kaka yangu ana miaka 31.

Huku Kilimanjaro tuna bahati kidogo. Kipo kituo cha Gabriella ambako watoto wanapimwa na wazazi wanafundishwa, na kuna Building a Caring Community wenye vituo vya kutwa kuzunguka mji wa Moshi. Wataalamu wengi wa tiba kwa vitendo wa nchi hii wamesomea hapa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC. Lakini kaka yangu alipokuwa mdogo hatukujua hata neno usonji, aliitwa zezeta na shule alisoma wiki mbili.

Baba alimfundisha kahawa. Kuchuma nyekundu tu na kuacha mbichi, jambo ambalo vibarua wengi wanalifanya ovyo. Kaka hakosei hata punje, rangi kwake ni kitu kikubwa. Majirani wakaanza kumwomba msimu wa mavuno na wanamlipa, hela anampa mama anahesabu mbele yake. Kinachoninyima usingizi ni mama ana miaka 70. Naomba wazazi wenye watoto wadogo muanze mapema mazungumzo na ndugu zao: atakaa na nani, nyumba ni ya nani, ardhi imeandikwaje. Kwetu baba alifariki bila kuandika chochote, na wajomba wakasema mgonjwa hawezi kurithi. Tulikwenda mpaka baraza la kata. Kaka alipata kihamba chake, yaani shamba la urithi, lakini ilituchukua miaka minne.

Mama wa Tabata

Dada wa Moshi, umenigusa pale ninapoogopa kugusa. Leo usiku nitaongea na mume wangu.

Mwalimu, habari ya kengele nimeisoma kwa sauti nyumbani, Babu akacheka sana pale nilipoigiza rimu.

Nimalizie kitu nilichosahau. Kikundi chetu cha wazazi kilianza koridoni hospitalini, wanawake watano tuliokuwa tunakutana foleni ileile kila Jumanne. Hatuna ofisi wala mhuri. Tunacheza mchezo wa elfu kumi kwa mwezi, anayepokea analipia nauli na kliniki za mwezi huo. Muhimu kuliko hela ni zamu. Jumamosi watoto wote wanakaa kwa mmoja wetu, wawili wanabaki kulinda, watatu wanakwenda sokoni, saluni, au wanalala tu. Mwenzetu mmoja alikuwa hajalala mchana kwa miaka minne. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi: vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani, na anayefundisha si lazima awe daktari bingwa. Yamefanyiwa majaribio Kenya na Ethiopia. Tumemwomba afisa ustawi wa jamii wa kata atufuatilie kama tunaweza kuyapata. Sheria ile aliyoitaja mwalimu inataka pia kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya mtaa. Ulizeni kwa mwenyekiti wenu kama ipo, na kama ipo, ulizeni kama kuna mzazi wa mtoto mwenye usonji ndani yake. Kwetu hakuwepo, sasa yupo.

Mgeni wa Mbagala

Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Nina binti wa miaka mitano. Haongei. Nafanya biashara ya samaki feri, natoka saa kumi alfajiri. Nikitoka namfunga kamba mguuni kwenye kitanda kwa sababu sina wa kumwachia, na akitoka anakwenda barabara kuu. Najua mtanihukumu. Nisaidieni.

Mama wa Tabata

Karibu mdogo wangu. Hakuna wa kukuhukumu hapa, mimi nimefungia mlango kwa kufuli nje miaka miwili. Lakini kamba ifunguliwe kesho, moto ukitokea hana pa kwenda. Fanya hivi. Kesho usiende feri, hasara ya siku moja tutaichangia hapahapa, nitakutumia ujumbe wa pembeni. Tafuta mtu mmoja tu wa alfajiri, hata bibi jirani, umlipe kidogo kwa saa hizo tatu za hatari. Asubuhi pita kijiweni na binti yako umemshika mkono. Wiki ijayo masikio yapimwe, nitakusindikiza mimi mwenyewe. Anapenda nini?

Mgeni wa Mbagala

Anapenda nyimbo. Ukiimba anakuja.

Mama wa Tabata

Basi hilo ndilo uwaambie vijana.

Mgeni wa Mbagala

Nimetoka kijiweni sasa hivi. Nilitetemeka nikashindwa kuongea, wakaniletea kigoda nikakaa. Nikawaambia akipotea waimbe. Mmoja akaanza kuimba palepale, binti yangu akamsogelea akashika koti lake. Mwingine alikuwa kimya muda wote, nilipoondoka akanifuata. Anasema kuna mtoto nyumba ya tatu kutoka kwao, mkubwa kuliko wangu, hatolewi nje kabisa, na mama yake hasemi na mtu. Jioni akishusha abiria wa mwisho ananipeleka.